Sheria za Gololi Zilitungwa na Nani?

Ukitaka kujua mtoto amefika wapi katika kupambanua jema na baya, usimuulize amehifadhi nini. Muulize sheria za gololi zilitungwa na nani.

Mie huuliza. Nyumba yetu iko Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba, na mbele ya baraza kuna kipande cha mchanga ambacho watoto wamekifanya chao tangu baba zao walipokuwa wadogo. Nimestaafu ualimu wa shule ya msingi. Asubuhi nauza mahamri na mbaazi za nazi, na baada ya alasiri nakaa palepale na chai yangu ya tangawizi, macho yakiwa mchangani. Mjukuu wangu wa miaka 6 alinijibu bila kusita: sheria za gololi alizitunga babu. Na kabla ya babu? "Mungu." Nikamwuliza kama mimi na yeye tunaweza kuzibadilisha leo hii. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa Bahari ya Hindi inahamishiwa Korogwe.

Kaka yake wa miaka 11 alikuwa anasikiliza huku akifunga kamba za viatu. "Bibi naye! Sheria tunatunga wenyewe. Tukikubaliana, basi."

Chuo cha ualimu tulilikariri jina la Jean Piaget kwa ajili ya mtihani. Tukaandika hatua za ukuaji, tukafaulu, tukasahau. Hakuna aliyetusimulia lililo tamu kuliko yote: kwamba msomi huyu wa Uswisi, kabla ya kutoa kitabu chake cha mwaka 1932 kuhusu maadili ya watoto, aliwaendea watoto wa Geneva na Neuchâtel akiwa na gololi zake, akajifanya amesahau mchezo, akawaomba wamfundishe. Kisha akawauliza: nani alizianzisha sheria hizi? Zilikuwepo siku zote? Zinabadilika? Wadogo walimtajia baba zao, wakubwa wa mji, Mungu. Waliokaribia miaka 10 na kuendelea walimwambia ni mapatano ya wachezaji, na wachezaji wakiridhia, sheria inabadilika.

Aliona na jambo jingine, ambalo kila mkaa barazani wa Tanga amekwisha kuliona. Hao wadogo wanaosema sheria ni za Mungu ndio wanaozivunja kila dakika. Wa kwangu husogea mbele ya mstari, hurusha mara mbili, halafu hutangaza ameshinda. Mwenzake naye katangaza ameshinda. Wote wawili wanarudi nyumbani na furaha zao. Wale wakubwa wanaosema "tumetunga wenyewe" watakaa robo saa wakipima kwa shubiri kama gololi imegusa mstari au haikugusa. Sheria iliyoshuka kutoka juu inasifiwa kwa mdomo. Waliyoitunga wao inalindwa kwa meno.

Niwasimulie kesi ya gololi ya chuma.

Ngamiani haikosi gereji, na mtoto mwenye mjomba fundi hakosi beringi iliyokufa. Likizo iliyopita kijana mmoja wa mtaa wa nyuma alikuja na gololi iliyotoka kwenye beringi ya lori: kubwa, nzito, inang'aa. Ikiigonga ya kioo, ya kioo inapasuka. Ikapasuka ya kwanza, ikapasuka ya pili, na hiyo ya pili ilikuwa na rangi tatu ndani, aina ambayo dukani siku hizi huipati. Zikaanza kelele.

Wadogo walinijia mbio. "Bibi, mwambie, chuma haramu!" Sikuinuka. Nilitaka kusikia wengine watasema nini. Wale wa miaka minane, tisa, walitaka kisasi: naye avunjiwe kitu chake. Au kila mtu alete chuma, tuone. Haki kwao ni sawa kwa sawa, umenipiga nakupiga, na hesabu lazima itoke sifuri. Mjukuu wangu wa miaka 11 na rika lake ndio walioanza kuuliza maswali ya kimahakama. Kila mtu akileta chuma, asiye na mjomba fundi atacheza na nini? Aliyevunja alipe, sawa, lakini alipe moja kwa moja? Na hiyo ya rangi tatu je?

Hapo jirani yetu mmoja, mtu mwema kabisa, akawa anapita akitoka kazini. Alisikia kelele, akaingia katikati, akaitia gololi ya chuma mfukoni. "Mchezo umekwisha. Nendeni mkasome." Nia yake njema, simlaumu. Lakini tazama alichokiacha: mwenye chuma analia, aliyevunjiwa hajalipwa, wadogo wanashangilia kwa sababu mkubwa amesema, na wale watatu waliokuwa karibu kufika mahali wamenyamaza. Kesi ilifungwa bila hukumu.

Kesho yake mahakama ilihamia chini ya mkungu, mbali kidogo na kwetu, na mimi masikio ninayo. Waliafikiana hivi: chuma itatumika kwenye kurusha kwa kwanza tu, kuingiza kishimoni, kuigongea ya mwenzio marufuku, ukivunja unalipa mbili, na anayechagua zipi ni aliyevunjiwa. Hicho kipengele cha mwisho kilinifanya niweke kikombe chini. Nimesimamia vikao vya walimu vingi katika maisha yangu, na vingi havikuwahi kumfikiria aliyevunjiwa.

Hapohapo nimseme Piaget kidogo. Aliandika kwamba wasichana hawana hamu ya sheria kama wavulana, kwa kuwa michezo yao aliyoitazama ilikuwa na kanuni chache. Angekuja kutazama rede. Wawili wanarushiana mpira, mmoja yuko katikati anakwepa na huku anajaza mchanga kwenye chupa. Mpira umegusa sketi, haukugusa mwili: ametoka au hajatoka? Na kama sketi ni ya dada yake, ni pana kuliko yeye? Nimewasikia wasichana wa darasa la tano wakilijadili hilo mpaka adhana ya magharibi.

Kuna hadithi nyingine ya Piaget nilikuwa nawapa wanafunzi, na sasa nawapa wajukuu. Mtoto mmoja ameitwa chakulani, amesukuma mlango, nyuma ya mlango kulikuwa na vikombe 15 asivyovijua, vyote vimevunjika. Mwingine mama yake hayupo, amepanda kabatini kuiba jamu, ameangusha kikombe kimoja. Nani mkosa zaidi? (Jamu mie naigeuza halua.) Wa miaka 6 aliniambia wa vikombe 15, tena kwa hasira, kama vikombe ni vyake. Wa miaka 11 hakumaliza hata kunisikiliza: "Wa kimoja. Alikuwa anaiba." Katikati, karibu na miaka saba, minane, utamwona mtoto anahangaika: anajua kuna nia, anajua kuna hasara, hajui kipi kizito.

Sasa nitasema jambo ambalo mashoga zangu hawalipendi. Wazazi wengi wa mtaa huu bado wako kwenye vikombe 15. Mtoto akiangusha chupa ya chai kwa bahati mbaya, anachapwa, kwa sababu chupa ni fedha. Huyohuyo akimwambia mgeni "mama hayupo" na mama yuko jikoni, anasifiwa ana akili. Piaget mwenyewe alilitaja hili: mtoto hupimia hasara kwa sababu anaona wakubwa wanapimia hasara. Tunamchelewesha sisi.

Na lile la "Mungu atakulipa". Mtoto kaiba mapera kwa jirani, jioni kaanguka na baiskeli: unaona! Huko Uswisi watoto wa Piaget walipoambiwa habari ya mtoto aliyeiba matofaa kisha daraja likavunjika chini yake, wengi wa wadogo walisema limevunjika kwa sababu aliiba. Mie ni Muislamu na naamini malipo yapo. Lakini nilimwambia wa kwangu kwamba baiskeli ilikuwa na breki mbovu, na mapera ni habari nyingine, twende tukamwombe jirani radhi. Mtoto anayedhani kila baya linalipwa hapohapo kwa kuanguka, siku atakayoiba asianguke atahitimisha nini?

Watu huniuliza basi akili hiyo inaingia lini hasa. Wanataka namba. Chuoni kwa maalimu tuliambiwa mtoto huamrishwa kuswali akifika miaka 7, akifika 10 mambo hukazwa, na kalamu ya kumwandikia dhambi haishuki mpaka abaleghe. Sheria ya nchi yetu inasema aliye chini ya miaka 10 hana kosa la jinai, na aliye chini ya 12 hana pia mpaka ithibitishwe kwamba wakati ule alikuwa na uwezo wa kujua asitende alilotenda. Piaget naye, bila kuijua madrasa wala Dodoma, alizungukia miaka hiyohiyo: saba, nane ushirikiano unaanza, kumi na moja, kumi na mbili sheria inakuwa yao. Sishangai. Wote walikuwa wakiwatazama watoto.

Nikifika hapa wazee wenzangu huanza wimbo: zamani mtoto alikuwa na adabu. Mtu yeyote wa mtaa angekuchapa, ukifika nyumbani unachapwa tena. Kweli, ndivyo tulivyolelewa, na kuna mengi mazuri ndani yake. Mtoto alikuwa na macho mia juu yake na hakulala njaa mama yake akichelewa. Lakini tusidanganyane kuhusu adabu. Tulikuwa na adabu macho yakiwepo. Madafu ya watu yaliteremshwa usiku, na walioteremsha ndio hao wanaoimba leo. Mtoto anayetii kwa kuogopa fimbo amejifunza fimbo iko wapi. Utiifu una kazi yake, nimeutegemea darasani miaka mingi, ila siutaji kuwa ni wema.

Ujana ndio kiboko.

Nina wajukuu wengine wawili ndani, msichana wa miaka 16 na mvulana wa 14. Mwanangu yuko Dar na kaniachia kundi zima. Hawa sheria za gololi wamekwisha zivuka. Jioni moja, umeme umekatika, wenzao wamejaa barazani, nikawatupia kile kisa cha Lawrence Kohlberg. Huyu ni Mmarekani aliyeanzia pale Piaget alipoishia; tasnifu yake ya mwaka 1958, Chuo Kikuu cha Chicago, ilitokana na kuwahoji wavulana 72 wa miaka 10, 13 na 16. Wavulana watupu, kumbukeni hilo. Kisa chenyewe: mke wa bwana mmoja, Heinz, anakufa kwa saratani. Dawa ipo kwa muuza dawa mmoja mjini. Imemgharimu dola 200, anaiuza 2,000. Heinz amekopa kote amepata nusu, ameomba apunguziwe au alipe baadaye, amekataliwa. Je, avunje duka aibe?

"Aibe, akimbilie Mombasa," akasema mvulana wangu. Kicheko.

Kohlberg hakujali unasema aibe au asiibe. Alipima sababu. Unaogopa kufungwa? Hatua ya chini. Nitakusaidia ili unisaidie? Juu kidogo. Ili watu wakuone mume mwema? Juu zaidi. Sheria ni sheria, bila sheria nchi haikaliki? Juu tena. Na kileleni kabisa, utu una thamani kuliko mali, hata sheria ikisema vingine. Hatua zote ni sita, hizi ni baadhi, na madaraja ni matatu.

Lakini vijana wa barazani hawakutaka kupanda ngazi. Waligomea swali. "Kwani hana ndugu? Imekuwaje mpaka aibe na mchango haujapitishwa?" Mwingine akauliza kama msikitini wameambiwa, kama mjumbe anajua, kama wakwe wameitwa. Mmoja akapendekeza wazee wamfuate muuza dawa nyumbani, usiku, wasimwache mpaka aone haya. Mjukuu wangu wa kike alikaa kimya, kisha akasema, "Na mke mwenyewe ameulizwa? Pengine hataki kupona mumewe akiwa jela, maana atamuuguza nani?"

Carol Gilligan, aliyefanya kazi na Kohlberg huko Harvard, aliandika mwaka 1982 kuhusu msichana wa miaka 11 aliyejibu karibu hivyo: wazungumze, watafute njia, mke akiachwa peke yake hali itazidi. Kwa mizani ya Kohlberg alionekana yuko chini ya mvulana wa umri wake aliyesema maisha yana thamani kuliko fedha, aibe. Gilligan akasema huyu binti haongei kitoto, anaongea kuhusu kutunzana, na mizani haikuandaliwa kuusikia ulimi huo. Na mwaka 1985 John Snarey alipokusanya tafiti 45 kutoka sehemu nyingi za dunia, hatua za mwanzo zilionekana karibu kila mahali, ila zile za kileleni zilikuwa adimu vijijini na katika jamii za kijadi. Wapo watakaosoma hapo kwamba wanakijiji hawajakua. Mie naona mizani ndiyo ya kupelekwa kwa fundi. Mtu anayesema "wazee wamfuate muuza dawa mpaka aone haya" ana kanuni nzito kabisa. Tofauti ni kwamba haitekelezi peke yake usiku na mtalimbo mkononi.

Hata hivyo haya ina upande wake mbaya, na kijana hukutana nao akiwa na rika lake.

Kuna mzee mmoja hupita mtaani kwetu, akili yake haijatulia, hucheza ngoma asiyoisikia mwingine. Kundi la mjukuu wangu wa miaka 14 lilimrekodi na simu, likamweka kwenye status. Nilionyeshwa na binti wa jirani. Mvulana wangu hayumo pichani, lakini kicheko chake nakijua. Nilimwita peke yake jikoni.

"Ungekuwa mwenyewe ungemrekodi?"

"Hapana, bibi."

"Sasa ulicheka nini?"

"Walikuwa wanacheka."

Jibu hilo ni la kweli kuliko anavyojua. Wamarekani wawili, Margo Gardner na Laurence Steinberg, walichapisha mwaka 2005 jaribio la mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Vijana wa miaka 13 hadi 16 walipocheza peke yao hawakuwa mbali sana na watu wazima katika kujihatarisha. Walipotazamwa na marafiki, hatari walizochukua ziliongezeka karibu maradufu. Watu wazima hawakubadilika. Kijana hajasahau jema na baya. Analijua, na kuna macho ya wenzake yanayomlemea. Ukimhubiria mema anayoyajua unapoteza pumzi. Naona wazee wetu walilifahamu hili kuliko sisi: binti wa pwani hafundwi na mama yake mzazi, anapewa kungwi, mtu wa nje ya ile vita ya nyumbani.

Nilimwuliza swali la gololi. Katika kundi lenu, sheria ya kwamba mmoja akicheka wote mcheke, aliitunga nani? Hakujibu, akaendelea kukuna nazi. Baada ya siku chache akaniambia, kama anayesimulia habari za mpira, kwamba amemtaka mwenzake aifute ile video, akaifuta, na sasa kundi zima linamwita ustadhi. Nilimwuliza kama linamuuma. "Linauma," akasema, "lakini kuna mwingine naye alikuwa hataki, alikuwa anaogopa kusema." Sasa wako wawili. Juzi walienda pamoja Mkwakwani kutazama Coastal Union, na ustadhi wakaliacha nje ya geti.

Dada yake naye amepata mshipa kwa njia nyingine. Ukimfundisha mtoto haki uwe tayari, maana haitaishia barazani, itaingia jikoni. Aliniuliza, kwa adabu zote, shikamoo ikitangulia, kwa nini vyombo vya usiku anaosha yeye kila siku ilhali wanaokula ni wanne. Nikamwambia ndivyo tulivyolelewa. "Nani alitunga, bibi?" Yule wa miaka 6 akadakia kwamba ni Mungu. Wa 11 akataka kujua kama kuna mapatano, na kama yapo, yeye hakuwepo siku hiyo. Kikao kilichukua muda mrefu kuliko kesi ya chuma. Wavulana walijaribu kuingiza kipengele kwamba siku za mechi hawaoshi, kikakataliwa. Mdogo akapewa vijiko. Anaviosha vibaya, mchanga unabaki, na asubuhi navirudia kabla wateja wa mbaazi hawajafika.